Utawahi Adhuhuri?

Simu iliita kabla ya adhana ya Alfajiri, na simu ya saa hiyo habari yake unaijua hata kabla hujaipokea. Kaka yangu alikuwa Ujiji, Kigoma. Hakunizungusha. "Mdogo wangu, shangazi ametangulia mbele ya haki, usiku huu huu. Wazee wamekaa, tunamzika leo baada ya Adhuhuri. Utawahi?"

Nilikuwa Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam. Ilikuwa Februari. Nilimwomba kaka anipe dakika chache, nikaketi kitandani nikaanza kuhesabu. Huyo ndiye shangazi aliyenilea tangu nina miaka sita, aliyenifundisha kuparua migebuka na kusoma saa ya ukutani. Kwamba angezikwa nami sijatia hata kiganja cha udongo kaburini, sikuweza kulipa wazo hilo nafasi.

Kaka hakuniuliza Kigoma ni kilomita ngapi kutoka Dar. Aliniuliza kama nitawahi. Tangu siku ile nimeamini kwamba swali lake ndilo swali la umbali lenyewe, na kwamba namba tunazofundishwa shuleni hujibu maswali mengine kabisa. Hata hivyo namba hizo zina kazi yake, na sitaki kuziruka. Tuanze na rula.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko kwenye longitudo 39.2 mashariki, na ule wa Kigoma kwenye 29.7. Kwa latitudo, wa kwanza uko 6.9 kusini ya ikweta na wa pili 4.9. Karibu na ikweta digrii moja ni kilomita 111 hivi, iwe unaelekea kaskazini au magharibi. Kwa hiyo kutoka Dar unakwenda magharibi kilomita 1,054 na kupanda kaskazini kilomita 222. Chora pembetatu, tumia hesabu ya Pythagoras uliyoisoma kidato cha pili, utapata kilomita 1,080 hivi. Mtoto wa shule mwenye penseli anaweza kuipata namba hiyo bila kompyuta, nami huwashauri wazazi wawape watoto wao hesabu hii, kwa sababu baada ya kuifanya ramani ya nchi haibaki tena kuwa picha tu.

Sasa uache mstari wako kwenye ramani uutazame. Unagusa Dodoma. Ni jambo la kushangaza kidogo, lakini ndivyo ulivyo: mji wa Dodoma umekaa karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka kutoka Dar kwenda Kigoma. Tabora nayo iko kaskazini mwa mstari kwa kilomita 50 hivi tu. Ukitoka Dar ukaenda kwanza Tabora, kisha kutoka Tabora ukaenda Kigoma, kwa hewa umeongeza kilomita sita au saba katika safari nzima. Tafadhali ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Rula hiyo hiyo inasema mengine ambayo mtu wa Dar hayafikirii. Kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni kilomita 170 hivi, na Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni 125. Hata Kampala, kwa mstari ulionyooka, iko karibu na Kigoma kuliko Dodoma: kilomita 660 hivi dhidi ya 690. Watu wa Kigoma wamezoea kuambiwa kwamba wanaishi mbali. Inategemea aliyesimama na rula amesimama wapi.

Lakini wazee waliotutangulia hawakuwa na rula. Walikuwa na miguu, na kipimo chao kilikuwa siku. Mpaka leo Kiswahili kimekihifadhi: mwendo wa siku tatu, mwendo wa mwezi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi walipotaka kuamua ni safari ya urefu gani inayomruhusu msafiri kupunguza Swala, waliipima kwa marhala mbili, yaani vituo viwili vya msafara wenye mizigo. Wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na ushee. Walikuwa wanapima uchovu wa mwanadamu na mnyama wake, ardhi ikiwa ndani ya uchovu huo. Kwa misafara ya Bara hesabu ilikuwa ya kambi. Kutoka kambi hii hadi ile kulikuwa na maji, na pasipo na maji hapakuwa na kambi, hata kama ramani ingependa iwepo.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikaishia Ujiji. Waliobeba mizigo, wengi wao Wanyamwezi, walijitwisha frasila mbili kila mmoja, kilo 32 hivi, mwezi baada ya mwezi. Njiani watawala wa maeneo walidai hongo, neno ambalo zamani lilikuwa ada halali ya kupita kwenye nchi ya mtu, na mazungumzo ya hongo pekee yaliweza kuusimamisha msafara kwa siku kadhaa. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Ujiji katikati ya Februari 1858. Karibu miezi minane. Kiongozi wao mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Aliipita njia hiyo tena na Henry Stanley mwaka 1871, na mara nyingine na Verney Cameron mwaka 1874. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya wale Wazungu wanne. Mtu aliyeujua umbali wa Ujiji kwa nyayo zake mara tatu ni Bombay, na hakuacha kitabu.

Safari ya mwaka 1871 inatufundisha kitu kuhusu mstari ulionyooka. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi. Alipofika Tabora, Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa mji huo na ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Msafara ukalazimika kushuka kusini, kuzunguka mbali, na kupanda tena kupitia nchi ya Uvinza. Ziwa halikusogea hata hatua moja, lakini Ujiji ilikuwa imesogezwa na mtu mmoja mwenye bunduki na madai yake. Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji mnamo Novemba, na miongoni mwa wa kwanza kumlaki pale njiani alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone.

Siwezi kumtaja Susi nikapita. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Susi na mwenzake Chuma, pamoja na wengine, wakaamua kwamba atazikwa kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500, wakipitia Tabora, na kufika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa mabegani. Mwili ukapakiwa melini, ukazikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Kijana mmoja wa msafara huo, Jacob Wainwright, alikuwepo na alishika jeneza. Susi na Chuma hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, wakati kaburi lilikwisha kufunikwa.

Hao ndio watu ninaowafikiria kila ninaposikia neno kuwahi. Waliubeba mwili kupita mito na njaa na homa, wakashinda kila umbali uliopimwa kwa miguu, kisha wakashindwa na ule wa mwisho, ambao ulipimwa kwa nauli ya meli.

Reli ilikuja kufupisha mambo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, reli ikalifikia ziwa. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikwambia anatokea mwisho wa reli huhitaji kumuuliza wapi. Urefu wake ni kilomita 1,250 hivi. Ukilinganisha na 1,080 za rula, ni kilomita 16 za ziada kwa kila mia, na kwa reli iliyopanda kutoka pwani hadi nyanda za juu na kuvuka mbuga za Malagarasi huo ni unyoofu wa kusifiwa. Wahandisi hawakuubuni wao peke yao. Kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya wapagazi, na wapagazi walikuwa wameyafuata maji.

Barabara ni habari tofauti. Kwa miaka mingi basi la Kigoma lilizungukia Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi, kisha likashuka Kibondo na Kasulu, njia inayokaribia kilomita 1,500. Tangu lilipojengwa Daraja la Kikwete juu ya Mto Malagarasi, njia ya Tabora na Uvinza imeanza kuirudisha barabara karibu na mstari.

Mimi mwenyewe nilikuja Dar kwa mara ya kwanza kwa treni, nikiwa na miaka kumi na minne, na dumu la mawese ambalo shangazi alinikabidhi kwa kiapo kwamba lisimwagike. Tulilala njiani siku mbili. Chumvi Uvinza, asali Tabora, kisha usiku mrefu wa Ugogo. Karibu na Kilosa reli hupita bonde la Mto Mkondoa, na masika yakizidi mto huo huichukua reli. Miaka kama hiyo Kigoma inakuwa mbali tena kama zamani. Reli mpya ya kisasa imeanza kubeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Treni zake zimesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Siku itakapofika ziwani nitakuwa kwenye behewa la kwanza, Mungu akipenda.

Alfajiri ile, hata hivyo, treni wala basi havikuwa na jibu kwa kaka. Ndege ilikuwa nalo. Ilikuwepo moja ya saa nne asubuhi, ikipitia Tabora, na nafasi ilipatikana. "Nitawahi," nikamwambia, na hapo hapo nikaanza kutilia shaka neno langu mwenyewe.

Hesabu ya ndege inaonekana nyepesi. Ndege nyingi za safari hizi ni za pangaboi. Aina ya Q400 ikishatulia angani huenda maili za baharini 360 kwa saa. Marubani wanatumia maili ya baharini kwa sababu nzuri: ni urefu wa dakika moja ya latitudo, yaani moja ya sitini ya digrii, mita 1,852, kwa hiyo ramani yenyewe ndiyo rula. Kilomita 1,080 ni maili 583 za namna hiyo. Gawanya kwa 360, unapata dakika 97. Saa moja na dakika 37, Dar hadi Kigoma. Zile marhala mbili za wanazuoni zinapita chini ya bawa kwa dakika saba au nane.

Lakini hakuna ndege inayoruka namna hiyo. Kwanza inatambaa ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ikisubiri zamu. Kisha inapanda kwa karibu dakika ishirini, na inapopanda haiendi kwa kasi yake kamili. Kabla ya kutua inaanza kushuka mapema na kupunguza mwendo, na mara nyingine inazunguka ili itue ikiupinga upepo. Upepo wa mbele wa maili 20 kwa saa unakula dakika sita. Ukijumlisha yote, safari isiyosimama popote inakaribia saa mbili, na mimi nilikuwa na kituo Tabora. Hapa ndipo zile kilomita sita au saba zinapotoa funzo lake. Kwa umbali, kupitia Tabora ni kama bure. Kwa muda, ni kushuka, kusimama, wengine wateremke na mizigo yao, wengine wapande, mlango ufungwe, injini zingurume upya, kupanda tena. Dakika hamsini zaidi. Tikiti yangu ilisema tutatua Kigoma saa saba kasoro dakika kumi.

Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa bodaboda, kwa sababu foleni ya Barabara ya Kilwa siku ya kazi haina cha msiba. Nikafika uwanjani, nikapanga mstari wa ukaguzi, nikangoja. Ndege iliondoka kwa wakati wake. Baadaye, siku za arobaini, nilikaa nikapiga hesabu: kutoka mlango wa Mbagala hadi mlango wa Ujiji nilitumia saa saba na dakika kumi. Ni wastani wa kilomita 150 kwa saa. Kasi ya ndege ni moja, na kasi ya msafiri ni nyingine.

Tulipokuwa juu ya Ugogo nilitazama saa, nikahisi tumbo linanikaza. Saa saba kasoro kumi! Adhuhuri ya Dar mwezi ule ilikuwa inaingia karibu saa sita na dakika arobaini. Nitatua, nikawaza, wakati wameshaswali, wanamtoa. Nikayarudia mahesabu yangu yote kutafuta mahali pa kuokoa dakika, na hapakuwa na mahali.

Kisha nikamkumbuka mwenyewe tunayekwenda kumzika, na saa yake ya ukutani. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini saa inasema ni saa moja asubuhi wakati jua ndiyo kwanza linachomoza, ilhali mwalimu ametwambia saa moja ni saa ya kwanza baada ya kucha. Akanijibu akiendelea kuanika dagaa: "Hiyo ni saa ya Dar, mwanangu. Jua letu linakuja baadaye."

Alikuwa sahihi kwa hesabu kamili. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, digrii moja kwa dakika nne. Kati ya Dar na Kigoma kuna digrii tisa na nusu, kwa hiyo jua linalosimama juu ya Dar linahitaji dakika 38 zaidi kusimama juu ya ziwa. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, mstari unaopita huko karibu na Mogadishu. Dar iko magharibi yake kidogo, Kigoma mbali sana, na ndiyo maana Kigoma jua hufika utosini wastani wa saa saba mchana, si saa sita. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie, wamerudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na saa sita yao inakaribiana na jua. Zaidi ya hayo jua lenyewe halina mwendo sawa mwaka mzima. Februari hukawia karibu robo saa kuliko wastani wake. Saa saba na robo, basi, ndipo jua lingepinduka Ujiji siku ile.

Mwenye kufunga Ramadhani hulijua jambo hili mwilini. Akila daku Dar na kuruka asubuhi kwenda Kigoma, atafuturu kwa jua la Kigoma, na funga yake imerefuka kwa dakika 38. Akirudi siku nyingine, anarudishiwa dakika zake. Adhana ya Magharibi inayosikika redioni kutoka Dar si ya mtu wa Ujiji, na bibi zetu walikuwa wakitupiga vibao vya mkono tukinyoosha vidole kwenye tende kwa sababu redio imeadhini.

Tulitua saa saba kasoro dakika saba. Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa jirani yangu wa Mbagala: ametoka msikitini, ameswali Adhuhuri, amemwombea marehemu. Nje jua lilikuwa bado halijafika katikati. Vivuli vyetu, tulipovuka kwenda kwenye jengo, vilikuwa bado vinaelekea upande wa ziwa.

Kutoka uwanjani hadi Ujiji si mbali. Dereva wa bajaji aliniona nilivyo, akaniuliza kama nina msiba, akaendesha bila kuuliza zaidi. Barazani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, jeneza likiwa tayari kando, na kaka akasimama aliponiona. "Umewahi," akasema, akanishika mkono hadi chumbani, ambako akina mama walikwisha kumkafini. Wakanifunulia uso wake. Ukutani saa ilikuwa inakwenda, saa saba na dakika kumi na moja, na msikiti wa mtaa ulikuwa bado kimya.

Nilikaa naye dakika hizo zilizobaki. Kisha muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti, akaanza.